Ngazi za udongo kwa kaka mwenye skrubu nyongani

Kaka yangu uliye mbali huko Kirotshe,

Nakuandikia nikiwa chini ya mlima wetu wa Nyabiondo, mahali pale pikipiki ilipoteleza ikakutupa juu ya mawe. Maharage yako yametoa maua. Nayapalilia mimi.

Nakumbuka wanaume walivyokuweka kwenye kipoyi, machela yetu ya miti, na kukuinua mabegani. Ulikuwa umeuma meno, lakini ukawachekesha kwa kujifanya mfalme: "Leo mimi njo mwami! Mubebe mwami yenu polepole!"

"Mwami gani hana hata kiatu?" akajibu Papa Bahati, jirani yetu. Nami nilicheka.

Tulikupeleka kwanza kwa mzee anayeunga mifupa, kama wanavyopelekwa wote hapa. Mkono wa mama aliuunga vizuri. Wewe alikukanda nyonga kwa siagi ya ng'ombe na majani ya moto, kisha akakuamuru, "Simama, mufupa isilale." Ukasimama, kwa heshima. Nilisikia kilio chako nikiwa nje.

Tulipokufikisha hospitali ya Mweso, daktari alituonyesha picha ya mfupa wa paja uliokatika kwenye shingo yake, karibu na nyonga. "Uko kijana," alikuambia, "hatutaki kutoa mufupa yako. Tutaifunga na skrubu. Lakini kichwa ya mufupa inapata damu kwa njia ndogo sana. Kama njia hizo zilikatika, skrubu itashika kitu yenye kufa." Mama alisikia neno "tutaifunga" tu, akamshukuru Mungu.

Mwezi uliopita shangazi, unayekaa kwake huko Kirotshe, alipiga simu. Picha mpya inaonyesha kichwa cha mfupa kinabomoka, na ncha za skrubu zimeanza kutokeza. Nyonga ya bandia haipatikani huku kwetu. Kisha akatuambia maneno yako: "Mulima ile siwezi tena. Shamba muipatie mwingine."

Tangu hapo mama hataji jina lako.

Kaka, mimi sijui kutibu mfupa. Ila kila nikitoka shule nachukua jembe lako, nachimba ngazi kutoka barabarani kuelekea mlangoni kwetu, fupi fupi, za mtu wa magongo. Mvua inazibomoa. Mama ananiuliza, "Unamuchimbia nani?" Nachimba tena.

Leo zimefika kwenye lile jiwe ulilokuwa ukikaa kunisubiri nitoke shule. Hapo nimeipanua ngazi kidogo, upate mahali pa kupumzika.

Ni mimi, mdogo wako mwenye jembe lako.