Ufunguo Umo Kwenye Mkebe wa Biskuti

Mama Najiat,

Nimeenda Kigwa kwa bodaboda. Gari nimekuachia umpeleke mama hospitali. Ufunguo ~~uko msumarini pale mlangoni~~ (mazoea haya!) umo kwenye mkebe wako wa biskuti, pamoja na kadi ya benki. Funika vizuri.

Jana nilikucheka mbele ya wageni kwa kufungia rimoti ya gari ndani ya mkebe huo wa bati, nikaitundika msumarini kukukomoa. Kumbe uliirudisha kimyakimya. Alfajiri nikitia udhu nimeona kijana ameinua kifaa mlangoni kwetu kunasa mawimbi ya rimoti, mwenzake anavuta kitasa cha gari. Gari likagoma kufunguka, maana bati lilizuia mawimbi. Nilipokohoa wakatimka.

Ahsante, mke wangu. Wageni wa jana nimeshawapigia simu wote, nimewaambia tuliyemcheka ndiye aliyeokoa gari.

Baba Najiat