Leseni Mbili za Corinne

Ijumaa, 4 Aprili

Corinne amepata leseni zake tena, za zamani zilikuwa zimeisha muda! Zote mbili — ya kupima kuvu majumbani na ya kuiondoa. Karudi darasani, kalipa bima, hata alama za vidole wakamchukua kama jambazi. Sasa Texas nzima inamtambua mwanangu. Na mimi mama yake niliishia darasa la nane.

Kahawa sijanywa, nimeshampigia Ernestine wa jirani. Nikamkumbusha, kwa upole tu, kwamba mwanawe Lucien anayo moja, ile ya kuondoa. Akasema moja inamtosha, kazi zimemjaa. Wivu huo.

Nitafanya karamu. Leseni nitazitundika sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Kikohozi bado — vumbi la maua ya misonobari, kila masika ni hivyo.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemtaka Corinne aipime nyumba yangu. Rasmi, na sahihi ya kampuni, nikamsomee Ernestine. Akasema nikitaka rasmi itakuwa rasmi, nisije nikamlaumu. Apime tu! Nyumba hii naisugua mwenyewe tangu kimbunga kile kilichotuingizia maji.

Kapita na kijimashine chake chumba kwa chumba. Penye kabati akasimama. Tukalisogeza. Heri tusingelisogeza. Ukuta mweusi toka sakafuni hadi dirishani, una manyoya kama paka. Nikasema huyo ni paka wa Ernestine. Hakucheka. Akauliza nakohoa tangu lini.

Nikamwambia basi aondoe, leseni si anayo? Kumbe hairuhusiwi! Aliyeipima nyumba haisafishi nyumba hiyohiyo, watu wasije wakajitengenezea kazi. Akikamatwa ananyang'anywa zote mbili.

"Mimi ni mama yako. Nani atajua?"

"Mama, wewe mwenyewe utamwambia Ernestine."



Jumatano, 9 Aprili

Kampuni zote zina foleni. Mmoja tu kakubali kutuchomeka katikati ya kazi zake. Lucien.

Kaja kuangalia. Ananiita shangazi, viatu kavua mlangoni — mtoto ana adabu, sikatai. Mama yake nyuma yake na keki ya limau, eti pole. Ernestine kaliangalia kabati langu kwa muda mrefu kuliko linavyostahili kabati.

Jumamosi, 12 Aprili

Sebule imezibwa kwa nailoni toka dari hadi sakafu, feni inanguruma kama helikopta. Nimehamia kwa Ernestine. Nimeamka leo bila kukohoa. Sijamwambia.

Corinne anasema niahirishe karamu. Niahirishe vipi, kwaya nzima nimeshaialika? Itakuwa hapahapa, na gambo, mchuzi wetu mzito wa bamia, inachemka kwenye sufuria la Ernestine. Anaonja kila mara, anaongeza pilipili bila kuulizwa.

Lakini kumbe Lucien akimaliza, Corinne ndiye atakayekagua kazi yake! Asiporidhika, anarudia. Hilo nimemtajia Ernestine mara tatu.

Akanisikiliza. Kisha akaenda kuleta nyundo. Kanionyesha ukutani kwake, chini ya leseni ya Lucien.

"Za Corinne tuzitundike hapa, mpenzi?"

Chini! Nikamwambia aniache nifikirie. Bado ameshika nyundo. Mchungaji, kwaya, dada zangu kutoka Beaumont — wote wanakuja moja kwa moja kutoka ibadani, kesho, Jumapili ya Matawi.