Jiwe la Mama Kwenye Foleni

Baba,

Shikamoo naiandika kwa mazoea tu. Mchungaji ameniomba nisome maneno machache Jumamosi tutakapokuwekea msalaba, na ameshanipa pa kuanzia: "Alikuwa mtu wa haki." Nimekaa na karatasi siku tatu na hasira yangu haijashuka. Kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza.

Unalikumbuka lile tofali nusu? Ulilipaka rangi nyekundu mwenyewe, ile iliyobaki ulipopaka mlango wetu pale Kariakoo, ili Mama asigombane na watu kwenye foleni ya duka la ushirika. Miaka ile kila mtu alikuwa na jiwe lake, hata kama ni tofali au kopo bovu. Unaliweka kwenye mstari, unakwenda kuchota maji, unarudi, nafasi yako ipo. Wewe ulikuwa balozi wa nyumba kumi na mzee wa kanisa, na foleni uliisimamia kwa sauti ile ile ya kanisani. Ulipita ukiita, "Ndugu, jiwe la nani hili?" Asipoitika mtu, unalirusha mtaroni.

Siku yalipoletwa maziwa ya unga, jiwe la Mama lilikuwa la nne. Maziwa yake mwenyewe yalikuwa yamekauka kwa homa, na Elia, mdogo wangu wa miezi mitano, alikuwa analia hata sauti haitoki. Mama akakimbia nyumbani kumtazama. Akaniambia, "Ukiulizwa, sema ni la Mama, anarudi sasa hivi."

Ukafika. "Ndugu, jiwe la nani hili?" Ulilijua, Baba! Rangi ilikuwa yako. Ukanitazama mimi, mwanao wa miaka tisa, na mimi nilikuogopa kama Mungu, maana nilidhani mnafanana. Nikanyamaza. Ukalirusha. Watu wakakusifu kwamba balozi hampendelei hata mkewe, na nilikuona kichwa kilivyokuvimba.

Mama aliporudi ukamwambia aende nyuma. Maziwa yalikwisha kukiwa bado na watu kumi mbele yake. Jioni ukamwambia, "Mungu ni mwema, lakini kwanza ni wa haki." Hapo akabisha hodi Bi Mwanahawa wa chumba cha uani, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani maishani mwake. Akaweka mezani kopo lake la maziwa ya unga. "Mpe mtoto, mwenzangu. Mimi na mvi zangu hizi, chai ya rangi inanitosha."

Jumapili ukasimama mbele ya watu ukashuhudia kwamba Bwana amewalisha wanao kwa sababu ya uaminifu wako. Bi Mwanahawa hukumtaja hata jina. Hilo linaniuma kuliko hata tofali.

Elia alipona, na kwenye mazishi ndiye aliyebeba jeneza lako upande wa kichwani. Mimi je? Miaka mingi, nikifumba macho kusali, niliona mkono wako umeshika lile tofali. Ulinichafulia Mungu, Baba. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba Yeye akikuta jiwe peke yake huuliza kwanza mwenyewe amepatwa na nini, na hapo haki yake na wema wake ni kitu kimoja. Wewe ulivitenganisha ili upigiwe makofi.

Jana nilikwenda makaburini na Mama kupima mahali pa msalaba. Akatoa kikapuni lile tofali. Kumbe aliliokota mtaroni siku ile ile, na sijui alilificha wapi miaka yote hii. Akaliweka pembeni ya kaburi lako, upande wa kulia. "Nafasi yangu hii," akasema, kisha akaenda kutafuta maji ya kumwagilia maua.

Nikabaki nalo peke yangu. Nililiinua, Baba. Nilitaka kulirusha mbali, Mama asije akazikwa karibu nawe. Halafu nikaisikia sauti yako kabisa, ile ya kwenye foleni, ikiuliza.

Nikalirudisha chini. Nikajibu kwa nguvu mpaka wachimba makaburi wa pale wakageuka: "Ni la Mama. Anarudi sasa hivi."

Hayo ndiyo nitakayosoma Jumamosi. Ya haki yako watafute mwingine.

Mimi binti yako,
niliyechelewa kuitika