Shadya, Ndara Zako Tumeziacha Zimetazama Ndani

Mwaka umetimia, mwanangu Shadya, tangu tukusindikize makaburini, na nyumba yetu hapa mtaani Mabawa bado haijazoea kukaa bila wewe.

Ulikuwa fundi cherehani usiyetaka mchezo. Aliyeleta kitambaa pungufu ulimrudisha dukani, hata akiwa shangazi yako. Lakini sare za watoto uliziachia upindo mrefu, ili mwakani mzazi afumue tu.

Wageni wakiwa ndani, ulitoka kimya ukageuza viatu vyao mlangoni vitazame nje, wakitoka wavae waende. Vya wenyeji ulivitazamisha ndani. Baba yako alikutania umgeuzie na vyake, kwani anataka safari. Ukamjibu, "Wewe huendi popote, baba. Ingia ule."

Mguu wa kulia ndio ulioanza. Ndara ilikuvuka njiani, ukafika nyumbani peku bila kujua. Kisha mguu ukawa unaikosa pedali ya cherehani. Tulidhani ni ganzi ya kukaa sana. Bibi yako akakukanda kwa mafuta ya karafuu. Wewe ulishona lastiki nyuma ya ndara, ukaendelea na kazi.

Picha ya MRI, Dar es Salaam, ilionyesha mishipa ya fahamu imevimba tangu kiunoni. Kipimo kingine cha picha, PET, kikaonyesha mshipa unawaka kama taa hadi pajani. Madaktari wakakata kinyama kidogo cha kupima, wakathibitisha: saratani ya tezi za limfu iliyoingia kwenye mishipa ya fahamu. Daktari alisema ni nadra. Ulimuuliza jambo moja: "Nitakanyaga cherehani tena?" Alisema watajaribu. Walijaribu, nawe ulijaribu kuliko wao.

Alasiri ndiyo inayonishinda. Ndipo ulipokuwa ukiniita, "Mama, njoo unishikie pindo." Nikisikia cherehani ya jirani, nasimama. Halafu nakaa.

Januari tulifumua upindo wa sare ya mwanao Sabiri. Umebaki wa kufumua mwakani.

Ijumaa hii, baada ya swala ya Alasiri, tutakusomea khitma hapa nyumbani. Viatu vya wageni atavigeuza dada yako Sabra. Ndara zako zenye lastiki ziko palepale mlangoni, zimetazama ndani. Hakuna anayezigusa.

Unakumbukwa na mimi mama yako Semeni, baba yako Masoud, bibi yako Mwanamkasi, dada yako Sabra na mwanao Sabiri.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Mioyoni mwetu hutoki.