Kaseti ya Sandukuni mwa Fairuz

Kuze, 3 Februari 2025

Mwanangu Saif,

Assalaam aleikum. Natumai baridi ya huko haijakukaa kifuani. Mimi nipo, miguu tu yavimba, na watoto wa madrasa wallahi wanichosha.

Jana nilikuwa ufukweni Mama Ngina nanunua mihogo. Muuzaji kafungulia spika: mdundo wa mashine, mkwaruzo wa kaseti mbovu, kisha mwanamke aimba. Ati, "Huyu Saif wenu, ngoma yake yatamba Ulaya!" Lo! Ule ni wimbo wa chumbani, siku ya kumsinga bi harusi, kumsugua manukato mwilini. Mwanamume hakupita hata mlangoni. Leo wauchezea vilabuni. Uondoe, nakuomba.

Mamako mdogo, Swafia


Rotterdam, 20 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Pole kwa miguu. Mimi mzima, ila kazi ya ghala yanimaliza. Nikitoka ndipo napika muziki wangu, wa kucheza, lakini mchafu makusudi, usikike wa zamani. Wenzangu huuigiza mkwaruzo kwa kompyuta. Mimi ninao wa kweli, kwenye kaseti niliyoitoa sandukuni mwa mama.

Nilikuwa na miaka miwili alipofariki. Sina sauti yake nyingine. Nisamehe, siuondoi.

Mwanao, Saif


Kuze, 11 Aprili

Saif wangu,

Hujambo, baba? Barua yako nimekaa nayo Ramadhani nzima. Nimechoka kuficha siri. Anayeimba si mamako, ni mimi, na ndiyo maana niliona haya.

Fairuz hakujua kuimba, maskini, tulikuwa tukimcheka. Yeye ndiye aliyekuwa akirekodi. Wimbo ukiisha kuna mtu akohoa, asema, "Haya Swafia, rudia." Huyo ndiye mamako. Msikilize.

Ukitaka kuuacha wimbo uendelee kuchezwa, uache. Haya yangu nitaimeza.

Mamako mdogo


Rotterdam, 2 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, sikuwa na nguvu. Wimbo nimeuondoa.

Zile sauti za mwisho nilidhani ni kelele za watu tu. Nikazikata kwenye wimbo. Kisha nikarekodi midundo yangu juu ya kaseti ileile, maana kaseti kuukuu huipa ngoma uchafu ninaoutaka. Nimeirudisha nyuma na kuisikiliza siku tatu. Ni midundo yangu mitupu.

Nirekodie kwa simu, Mama mdogo. Uniigizie alivyosema.

Mwanao, Saif