Amekaa Tu

Shoga, uko hapo? Nivumilie, naandika harakaharaka.

Nimefika kwa mama nimemkuta sakafuni jikoni. Sakafuni! Tangu asubuhi. Mguu umevimba, hawezi hata kuusogeza.

Na ile roboti tuliyomnunulia baada ya baba kufariki, ili asiwe peke yake, imesimama pembeni imemshikia glasi ya maji.

Nikaiuliza, "We mashine, mbona hukunipigia simu?"

Ikajibu kwa adabu zake: "Nilimuuliza mama kama ameanguka. Alisema amekaa tu."

Amekaa tu!

Nikamgeukia mama. "Mama, kweli ulisema hivyo?"

Akaangalia ukuta. "Mwanangu, ungeacha kazi uje mbio. Tangu baba yenu atuache mmehangaika vya kutosha. Halafu mngesema siwezi tena kuishi hapa, mnitoe kwenye nyumba yake."

Na kweli tungesema.

Gari la wagonjwa liko njiani. Nimekaa naye hapa chini, kichwa chake mapajani mwangu, machozi yananitoka tu.

Sasa hivi roboti imenisogelea. "Na wewe umeanguka?"

Nimeiambia hapana, nimekaa tu.