Ukuta wa Silinda

Mpwa wangu,

Daktari amenikataza kalamu kama alivyonikataza chumvi, lakini swali lako haliwezi kungoja. Kwa pikipiki ya magurudumu manne ya binti yako, usichukue silinda kubwa kuliko zote. Chukua ndogo inayoifuata, ukuta wake unabaki mnene, haupindi kwa joto.

Silinda yako niliichonga ndani kupita kipimo, ukuta ukabaki mwembamba, nikitaka uishinde mashine ya fundi jirani kwenye mashindano. Pistoni ikakwama ukiwa kwenye kasi, ukapoteza mguu.

Hospitalini uliniambia, “Mjomba, nadhani sikuipasha injini moto vya kutosha kabla ya kuondoka.”

Nikajibu, “Labda.”

Umejilaumu miaka kumi na tisa kwa neno hilo. Uliipasha moto vizuri, mwanangu. Nilisimama kando, nikaisikia.

Mjomba wako